Sabra Si Yatima

Kambini, karibu na Richmond, Virginia
31 Oktoba 1864

Mke wangu Keziah,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, usidhani nimemwomba mtu. Dada yako Temperance akikusomea na kuicheka hati yangu, mwambie herufi zimepinda kwa sababu meza yangu ni sanduku la risasi na kiti changu ni tope. Hata hivyo anayeandika ni koplo. Mwezi wa tano nilikuwa sijui hata herufi moja!

Magazeti yamefika leo asubuhi. Katiba mpya ya Maryland imepita. Imepita kwa tofauti ya kura chache sana, na waliosaidia kuivusha ni askari wazungu waliopiga kura makambini. Sisi weusi hatukuulizwa, lakini tumeshangilia mpaka makoo yamekauka. Kesho Jumanne, tarehe mosi Novemba, jimbo letu halina mtumwa. Wewe si wa Harwick. Sabra si wa Harwick.

Sasa nisikilize vizuri. Barua hii ikikufikia na bado uko shambani, weka chini ulichoshika, mchukue Sabra mkono, utoke. Usingoje mahindi yamalizike kuvunwa. Usingoje kuaga. Humu kikosini kuna jamaa kutoka upande wa kusini wa jimbo. Anasema mabwana wanapanga ujanja juu ya watoto: watu wazima watafunguliwa mlango, watoto watang'ang'aniwa kwa jina jingine. Nenda kwa Temperance, ukae hapo.

Mwambie Sabra baba yake anaweza kuliandika jina lake. Ni herufi tano tu.

Mumeo,
Levin Bantum


Njiapanda ya Kirby, Pwani ya Mashariki, Maryland
7 Novemba 1864

Mume wangu Levin,

Temperance anaandika, mimi nasema.

Barua yako ilifika Ijumaa, na sisi tulikuwa tumekwisha kuwa huru siku tatu. Jumanne ile, baada ya kifungua kinywa, Bwana Harwick alituita sote nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa koti la kanisani. Akasema, "Haya, mmesikia wenyewe. Sasa tuone nani atawalisha." Mzee Jethro akamjibu, "Yuleyule aliyekulisha wewe miaka yote hii, bwana. Sisi." Levin, watu walicheka! Mbele yake walicheka, na anga haikuanguka.

Nimehamia kwa Temperance. Napiga pasi, yeye anafua. Chumba ni kidogo lakini jiko lina moto mzuri. Tunakula mkate wa mahindi, na siku ya Jumapili chaza.

Sabra hajambo. Anakula vizuri. Usiwe na wasiwasi juu yetu, angalia kichwa chako huko kwenye mahandaki.

Mkeo,
Keziah

Nimeandika kama nilivyoambiwa. — T. Cooley


Kambini, Virginia
17 Novemba 1864

Mke wangu Keziah,

Habari ya Mzee Jethro nimewasomea wenzangu wakati wa chakula. Mmoja alicheka mpaka akapaliwa na biskuti ngumu ya jeshi, tukampiga mgongoni. Sasa kila sajini akituuliza nani ametulisha, tunajibu, "Sisi."

Lakini barua yako nimeirudia mara nne, na kila nikiirudia inapungua. Sabra hajambo, anakula vizuri. Basi? Yule mtoto anayeuliza maswali mpaka kuku wanamkimbia hana neno la kumpelekea baba yake? Hajauliza bunduki yangu ina uzito gani? Hajauliza nimeua mtu?

Na Temperance je, tangu lini akaandika kama alivyoambiwa? Mwanamke yule alimsahihisha mchungaji katikati ya mahubiri.

Keziah, mimi niko mbali, sioni uso wako. Nina karatasi hii tu. Mwambie Sabra aseme neno lolote, hata la kipumbavu, liandikwe kama lilivyo, ili nilijue kuwa ni lake.

Nangoja.

Levin


Njiapanda ya Kirby
26 Novemba 1864

Shemeji Levin,

Ninaandika mimi, Temperance, na mkeo hajui. Yuko uani anaanika mashuka, kwa hiyo nitaandika upesi.

Sabra hayuko hapa. Hajalala katika nyumba hii hata siku moja.

Jumatano tarehe pili, siku ya pili ya uhuru, Harwick aliwapakia mkokoteni Sabra na wajukuu wawili wa Mzee Jethro akawapeleka mjini, kwenye mahakama ya yatima. Barabara ilijaa mikokoteni kama siku ya mnada, kila bwana na watoto wake, yaani watoto wetu. Jaji hakuchukua muda. Sabra amefungwa kwa karatasi ya mahakama amtumikie Harwick mpaka atimize miaka kumi na minane, "ajifunze kazi za nyumbani". Mtoto amepika na kupangusa nyumba ile tangu alipokuwa na miaka sita, sijui bado ajifunze nini. Lakini utumwa umekwisha, kwa hiyo sasa unaitwa mafunzo.

Keziah amekwenda getini mara tatu. Mara ya tatu msimamizi alifungua mbwa. Ana jeraha kwenye shavu la mguu, linapona polepole. Amekuficha kwa sababu anakujua. Ananiambia, "Levin akisikia atakuja, na akija watampiga risasi kama mtoro. Nimempoteza mmoja, sitawapoteza wawili."

Mimi nimekaa na uongo ule kwenye kalamu yangu siku ishirini kasoro moja, nimeshindwa kuumeza. Utanisamehe, na yeye pia atanisamehe, akipenda.

Kuna jambo jingine hata mimi amenificha. Kila nikimuuliza jaji alisemaje juu ya mama mtu, anainamisha kichwa na kupiga pasi nguo ambayo imeshapigwa.

Anaingia. Naishia hapa.

Temperance Cooley


Kambini, Virginia
4 Desemba 1864

Keziah,

Nimejua. Usimgombeze Temperance.

Juzi nilimwendea Kapteni Lathrop, nikasimama wima, nikamwomba ruhusa ya siku kumi. Hakuinua macho. Akasema, "Bantum, juzi nimemnyima ruhusa mtu aliyefiwa na mama. Rudi kwenye handaki."

Nimerudi kwenye handaki. Nachimba. Mbele yangu wako watu wanaopigana ili watuweke utumwani, na nyuma yangu, katika jimbo ambalo halina mtumwa, binti yangu anabeba ndoo za Harwick. Nimeuliza nafsi yangu nimeelekeza bunduki upande gani.

Kila asubuhi boti zinapanda na kushuka Mto James. Sisemi zaidi.

Usijibu barua hii. Haitanikuta.

L.


Njiapanda ya Kirby
11 Desemba 1864

Levin,

Barua yako imefika leo. Naomba kwa Mungu hii ikukute hapohapo ulipo, na miguu yako ndani ya tope la handaki. Kama umeshaondoka, rudi. Niseme mara ngapi? Rudi.

Temperance anasema nitulie ili aweze kuandika. Nimetulia.

Kuna njia, Levin. Jenerali wa Baltimore ametoa amri kwamba watu waliopata uhuru wawe chini ya ulinzi wa jeshi, na amefungua ofisi ya kusikiliza habari za watoto. Mchungaji wetu amekwenda mpaka huko akauliza kwa niaba yangu. Wamemwambia hivi: mtoto anayefungwa na mahakama ile ni yatima, au ni wa wazazi wasioweza kumtunza. Kama baba yuko hai, ni askari, na hakuulizwa, kuna la kusema. Lakini wanataka karatasi ya mkubwa wako yenye jina lako, kikosi chako, na kwamba uko kazini. Umeelewa? Kazini. Mtoro hana karatasi, na mtoto wa mtoro hana baba mbele ya watu hawa.

Sasa nitakuambia ambalo sijamwambia mtu. Temperance ameniangalia, kalamu imesimama. Andika, dada. Andika tu.

Siku ile ya uhuru, watu walipomaliza kucheka na kutawanyika, Bwana Harwick aliniita peke yangu. Alikuwa mpole. Alisema, "Keziah, umetumika vizuri. Weka alama yako hapa, hii ni karatasi ya kukuachia, usije ukasumbuliwa njiani." Nilikuwa na furaha, Levin. Maisha yangu yote sijawahi kushika kalamu. Nilichora msalaba wangu taratibu, upendeze, na nikamshukuru. Nilimwambia "asante, bwana". Kesho yake mahakamani jaji aliinua karatasi ileile akasema mama ameridhia kumtoa binti yake.

Sabra alikuwa amesimama pale. Jaji alimwonyesha ule msalaba. Nilipiga kelele kwamba sikujua, wakanitoa nje.

Ndiyo maana nilikudanganya. Ulikuwa umeniandikia nitoke bila kuaga. Barua yako ilichelewa siku tatu tu, nami nilichelewa kwa akili.

Nikasirikie utakavyo. Lakini nenda kwa kapteni wako.

Keziah

Shemeji, amelia, nami nimelia, ndiyo hayo madoa. Ofisi ile ya Baltimore watu wanasema haitadumu sana. Fanya haraka. — T.C.


Njiapanda ya Kirby
29 Desemba 1864

Levin,

Siku kumi na nane, na hujajibu.

Kila boti ya barua ikija, Temperance huenda dukani na kurudi ameficha mikono nyuma, kana kwamba nisipoiona mitupu nitaumia kidogo. Jana mtu mmoja dukani alikuwa akisoma gazeti kwa sauti: askari mweusi amepigwa risasi mbele ya kikosi chake huko Virginia kwa kosa la kutoroka. Jina halikutajwa. Nilisimama pale na kapu langu mpaka mwenye duka akaniuliza, "Unanunua au unaegemea?"

Jumapili nilimwona Sabra. Akina Harwick walimleta kanisani kwao, ameshika mtoto wa shemeji yao. Nilikuwa upande wa pili wa barabara. Amekonda. Nywele zake hazijaguswa na kitana tangu tuachane, nakuapia. Nilimwita. Aliniona, Levin, macho kwa macho. Kisha akageuza uso.

Mbwa hakuniuma hivyo.

Tarehe tisa Januari nakwenda Baltimore, na karatasi yako au bila karatasi yako. Kama uko hai, niandikie. Kama umetoroka na uko mahali, usiniandikie, lakini uwe hai.

Keziah


Kambini, Virginia
30 Desemba 1864

Keziah, mke wangu,

Niko hai. Nimepewa karatasi leo tu, siku zote hizi nilikuwa korokoroni.

Nitakueleza yote, maana tumeona kufichana kulikotufikisha. Tarehe nane, saa mbili asubuhi, nilichukua ndoo kana kwamba nakwenda kuchota maji, nikaendelea kutembea. Nilifika gatini. Boti ya kwenda kaskazini ilikuwa inapakia majeruhi. Nikamwinua mmoja kwenye machela nijifanye mbebaji. Nilikuwa na mguu mmoja kwenye ubao na mwingine nchi kavu wakati mlinzi aliponiuliza, "Koplo, kibali chako?" Nilimtazama. Alikuwa kijana mweusi kama mimi. Ningeweza kumsukuma majini. Nilikuwa nimeshamshika kola.

Sijui nini kilinizuia. Labda yule majeruhi, maana nilikuwa nimemwachia upande wake wa machela naye akaguna. Nilimwacha mlinzi, wakanifunga pingu.

Barua yako ilinikuta korokoroni. Rafiki yangu Amos aliipitisha ndani ya mkate. Nilisoma habari ya msalaba wako, Keziah. Nilisoma pale uliposema ulitaka upendeze. Niligonga mlango mpaka wakaniitia kapteni.

Akaja, hana hata kofia. "Unataka nini? Unajua ninaweza kukufikisha mbele ya bunduki kumi na mbili?"

"Najua, kapteni. Nataka usome hii kwanza."

"Mimi si msomaji wa barua za wake za watu."

"Basi nikusomee."

Nilimsomea yote, na hati ya Temperance, na madoa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia haya siku ile ulipoomba ruhusa?"

Nikamwambia, "Hukuinua macho, bwana."

Kisha akasema, "Nimeandika kitabuni kwamba ulitoka bila ruhusa. Bado sijaandika kwamba ulitoroka. Kuna tofauti." Tofauti hiyo ndiyo uhai wangu, mke wangu. Nimevuliwa ukoplo, na nitachimba mitaro mpaka mwisho wa Februari. Mimi ni askari wa kawaida tena. Lakini niko kazini.

Karatasi ya kapteni imo ndani ya bahasha hii. Inasema Levin Bantum yu hai, yu kazini, na kwamba Keziah ni mke wake na Sabra ni binti yake wa halali. Ile "wa halali" ameiongeza mwenyewe, amesema wataiulizia.

Juu ya msalaba, unataka nikukasirikie. Nimejaribu, imenishinda. Mimi nilikuwa na herufi zote ishirini na sita nikakaribia kumtupa mtoto wa mtu mtoni.

Nenda. Usiipinde karatasi.

Levin


Njiapanda ya Kirby
21 Januari 1865

Mume wangu Levin,

Karatasi ilifika tarehe saba, siku mbili kabla ya safari. Nilimwangukia Temperance shingoni, tukaanguka wote wawili juu ya kapu la mashuka safi, tukafua upya.

Mto uliganda barafu karibu na kingo, boti ikachelewa. Kule ofisini nilikuta akina mama wamejaa ngazini mpaka barabarani, kila mmoja na jina la mtoto mdomoni. Nilisimama siku mbili. Siku ya tatu nikaingia kwa meja. Mwanasheria wa Harwick alikuwa ametangulia kumwandikia, na juu ya meza palikuwa na nakala ya karatasi yenye msalaba wangu.

Meja akaniuliza, "Alama hii ni yako?"

Temperance alikuwa amenifundisha niseme siitambui. Nikasema, "Ni yangu, bwana. Aliniambia ni karatasi ya uhuru."

"Hukuomba usomewe?"

"Sikuomba."

Akaguna, nikadhani nimemwua mwanangu kwa mdomo wangu. Kisha akaichukua karatasi ya kapteni, akaisoma mara mbili. Akamuuliza karani wake, "Hapa kuna saini ya baba?" Karani akasema hakuna. "Baba alikuwa wapi siku hiyo?" Nikamjibu mimi, "Alikuwa Virginia, bwana, amevaa nguo kama zako." Hapo akachukua kalamu. Akasema huku akiandika, "Mtoto mwenye baba anayelitumikia jeshi la Marekani si yatima."

Tulirudi na sajini na askari wawili. Harwick alitoka mpaka getini na kitambaa cha chakula bado shingoni. Alisoma amri, akaniambia, "Nilikulea, Keziah." Nikamwambia, "Mwite mtoto." Akasema, "Atakufa njaa kwako." Sajini, mtu wa maneno machache, akasema, "Mwite mtoto."

Sabra akatoka. Hakukimbia. Alipita kando yangu kama mtu anavyopita kando ya nguzo, akapanda mkokoteni, akakaa karibu na sajini.

Levin, siku nne hakusema na mimi. Alimjibu Temperance, alimjibu hata paka. Mimi, hapana. Siku ya tano, mchana, nilipokuwa napasha pasi moto, akasimama mlangoni.

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Ungemwambia akusomee."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba ningeomba, angenisomea uongo. Kwamba nilikuwa huru kwa saa tatu tu maishani mwangu. Nikayaacha. Nikamwambia, "Kweli, mwanangu. Ningemwambia."

Akanitazama, uso wake ni wako kabisa. Kisha akaenda kwenye rafu akachukua kitana, akaja akakaa sakafuni katikati ya magoti yangu, akanipa mgongo.

"Ukinivuta nitapiga kelele," akasema.

Nywele zile zilinichukua mchana kutwa. Nilitumia maji ya vuguvugu na mafuta ya nguruwe, fungu kwa fungu. Alipiga kelele mara mbili, na mara zote mbili majirani walisikia, nami sikumnyamazisha.

Nimekuandikia haya yote ili ujue yalivyo, yasiwe mazuri kuliko yalivyo. Wajukuu wa Mzee Jethro bado wako kule. Baba yao alikufa zamani, hakuna karatasi ya kapteni kwa ajili yao. Jana mzee alinijia akaniuliza nilisema nini kwa meja, neno kwa neno. Nikamwambia. Amekwenda Baltimore leo kwa boti ya asubuhi, na wanasema ofisi inafungwa mwisho wa mwezi. Tunamwombea.

Sabra anasema nikuulize bunduki yako ina uzito gani, na mbona wamekuvua ukoplo, na je, unaweza kuandika jina la paka. Anaitwa Kanali. Amesema ujibu yote matatu, usiruke.

Mkeo,
Keziah